Spishi mpya haipatikani porini

Imeingia picha nyingine. Mbawakawa kwenye kiganja, kichwa kimezibwa na kidole gumba, na ujumbe chini: "Shikamoo dokta. Huyu si mpya huyu? Huku Kasulu hajawahi kuonekana. Tumpe jina la bibi."

Marahaba. Bibi namheshimu. Ila leo tumalizane, maana nimechoka kujibu mmoja mmoja.

"Hajawahi kuonekana" haina uzito wowote kwenye kazi hii ya kuwapa wadudu majina. Wafugaji wa Kisukuma walioko Uvinza wanawajua wadudu wa mavi ya ng'ombe kuliko mimi. Mzee mmoja alinikuta nimechuchumaa nachambua kinyesi kwa mwiko, akaniuliza kwa upole kama nina ndugu mjini. Mdudu niliyekuwa namsaka alikuwa amemwona tangu utotoni. Sayansi ndiyo haijampa jina. Au labda ilishampa, na mimi bado sijui. Kazi yote iko kwenye hiyo "labda", na hapo ndipo kila mtu anaporuka.

Kukamata si shida. Kikombe cha plastiki unakifukia mdomo ukilingana na ardhi, unatia maji ya sabuni, unaning'iniza mavi juu yake kwenye kipande cha chandarua, unarudi kesho. Mvua za kwanza zikigusa miombo unapata wengi hadi unachoka kuwachambua. Vibali kwanza, lakini: cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na ukitaka kuingia hifadhi za Gombe au Mahale kuna vingine juu yake. Kisha pini, lebo, kabati. Hapo bado hujagundua kitu.

Sasa njoo mezani. Mbawakawa wenye majina tayari duniani wanakaribia 400,000. Jenasi (kundi la spishi ndugu) inayoninyima usingizi, Onthophagus, hao mbawakawa wa mavi, peke yake ina spishi zaidi ya 2,000, na Afrika ina fungu kubwa. Nikitaka kusema wangu ni mpya, lazima nioneshe anatofautiana vipi na kila ndugu yake wa karibu, na shahidi wa mwisho ni holotaipu, yule mdudu mmoja aliyelibeba jina. Holotaipu za wadudu wa Tanganyika hazipo Kigoma. Nyingi ziko kwenye majumba ya makumbusho ya Berlin, London, Paris, na Tervuren kule Ubelgiji. Ufunguo mkubwa, yaani kitabu cha kuwatambua Onthophagus wa Afrika sifa kwa sifa, aliuchapisha Henri d'Orbigny mwaka 1913, kwa Kifaransa, na hadi leo hatujaweza kuukwepa.

Ukirudi nyuma zaidi ya hapo, utakutana na maelezo ya mistari michache ya Kilatini: mweusi, anang'aa kiasi, kifua kina vitobo. Mweusi, anang'aa, ana vitobo! Hao ni nusu ya kabati langu. Zamani mwandishi aliweza kutaja kundi zima la sampuli bila kuchagua holotaipu, na ukilifungua kundi hilo leo unakuta spishi mbili zimelala sanduku moja. Ni kuanzia mwaka 2000 tu ndipo Kanuni za majina ya wanyama zilipolazimisha kila spishi mpya itajiwe wazi sampuli yake ya msingi. Mdudu mmoja anaweza kuwa amebatizwa Paris, akabatizwa tena Berlin, wala wenyewe hawakujua. Linaloshinda kwa kawaida ni jina la zamani zaidi, na hesabu inaanzia mwaka 1758. Ukikurupuka unaongeza sinonimu, jina la ziada kwa mdudu yule yule, na mwenzako atakuja kuifagia.

Na usinionyeshe pembe. Kwa spishi nyingi za jenasi hii dume mkubwa ana pembe, dume mdogo hana, na mara nyingi tofauti hiyo imetokana na chakula alichopata akiwa buu. Ndugu wa tumbo moja! Picha yako inanionyesha pembe, rangi na kidole chako.

Ninachotaka kiko ndani. Unamlainisha dume kwenye maji ya moto, unaingiza ndoano ya pini nyembamba mwisho wa tumbo, unavuta taratibu, na uume unatoka: kidude cha kahawia, kigumu, kimepinda kama kiwiko. Unakisafisha nyama kwa potasi, unakiweka kwenye tone la gliserini, unakigeuza chini ya darubini upande hadi upande. Ncha yake ndiyo inayozungumza. Ndiyo, jamani, kazi yangu ni kulinganisha nyume za wadudu. Chekeni tumalize.

DNA? Inasaidia. Kile kipande cha herufi 658 kinachosomwa kwa kawaida kinakwambia nani yuko mbali na nani. Hakikwambii mpaka kati ya spishi na spishi uko wapi, na holotaipu nyingi kongwe hazijawahi kusomwa.

Ndiyo maana wapya wengi wanatoka kabatini. Nelloptodes gretae, hafiki milimita moja, hana macho wala mabawa, alichukuliwa Kenya na William Block miaka ya 1964 hadi 1965. Michael Darby alimpa jina mwaka 2019, mdudu akiwa amekaa miaka na miaka kwenye jumba la makumbusho la London. Utafiti wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya kukamatwa na kupewa jina inapita wastani wa miaka 21.

Na sasa kitu ambacho vitabu havikisemi kwa sauti. Ninaye mmoja wa Uvinza ambaye nadhani ni mpya. Ncha ya uume wake imepinda tofauti na ya ndugu yake wa ng'ambo ya ziwa, Kongo. Madume wanafanana wao kwa wao, lakini wote nimewatoa bonde moja. Katikati sina sampuli hata moja. Huenda nikiwapata wa katikati, ncha itakuwa inabadilika kidogo kidogo hadi Kongo, na spishi yangu ikayeyuka. Tofauti kiasi gani inatosha? Hakuna namba. Kuna uzoefu, kuna mabishano, na kuna wahakiki wawili wa jarida ambao mara nyingi hawakubaliani. Jina nitakalochapisha ni dai, na dai linaweza kupingwa.

Kuhusu bibi: Kanuni hazizuii. Ni kuongeza -ae mwishoni. Ila jina likitangazwa Facebook halihesabiki. Ni jarida, na likiwa la mtandaoni pekee lazima kazi isajiliwe ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama.

Kwa hiyo picha basi. Akifa mwenyewe kwenye taa ya barazani kwenu, mtie kwenye kichupa cha spiriti ya duka la dawa, na karatasi ndani, imeandikwa kwa penseli: kijiji, tarehe, alikutwa wapi, nani kamwokota. Penseli, si kalamu; wino unayeyuka. Wa hifadhini mwacheni hapo hapo. Na mkipata wengi, leteni wengi, madume hasa.