Marcus Haibi Kitu: Barua kwa Wanaomvua Silaha Mzee wa Pherae

"Usimtumie Marcus, anaiba XP." Kila anayeanza The Blazing Blade, gemu ya mkakati ya Fire Emblem, hupokewa na sentensi hiyo kabla hata shujaa wake Eliwood hajatoka nyumbani kwao Pherae, na anayeisema huisema kama mtu anayekunong'oneza siri ya ukoo. Marcus ni mpiganaji mzee mwenye nguvu unayepewa mwanzoni; XP ni pointi za uzoefu zinazompandisha mhusika leveli, na hofu ni kwamba akiua yeye, wadogo wanazikosa. Juzi kijana mmoja kanitumia picha ya skrini ya sura ya 11. Marcus kavuliwa silaha zote, kasimamishwa kwenye kona ya ramani kama mlinzi wa getini, na Rebecca, mpiga upinde mchanga, amekufa. Ramani ya kwanza! Chini kaandika, "Natunza XP, kaka." Umemtunzia nani, na aliyepaswa kuila amezikwa? Basi leo naliandika lote mara moja, ili nikiulizwa tena nitume kiungo nikalale.

Nachukulia kwamba unajua pembetatu ya silaha (upanga hushinda shoka, shoka mkuki, mkuki upanga), unajua kwamba katika Fire Emblem mhusika akifa ndiyo basi, na unajua kwamba mwenye kasi ya kumzidi mwenzake kwa 4 au zaidi hupiga mara mbili. Kama hujui, cheza ile hadithi ya Lyn mpaka mwisho, inakufundisha kwa kukushika mkono, kisha rudi.

Tuanze na hiyo inayoitwa wizi. Katika gemu hii ukimpiga adui bila kumuua, XP inapatikana hivi: chukua 31, jumlisha leveli ya adui, toa leveli yako, gawa kwa 3. Aliyekwisha kupanda daraja, kama Marcus ambaye anakuja akiwa Paladini (daraja la juu la mpanda farasi) wa leveli ya 1, anahesabiwa leveli 20 zaidi. Kwa hiyo Marcus akimgonga jambazi wa leveli ya 5 anapata 5. Lowen, yule mpanda farasi wa leveli ya 2 ambaye wote mnataka kumlisha, anapata 11 kwa pigo hilohilo, na akimuua inafika kama 40. Marcus hata akiua hafiki kumi.

"Si umeona? Arobaini imepotea!" Ngoja kwanza. Imepotea, sikatai. Swali ambalo hakuna anayeuliza ni arobaini hiyo inanunua nini.

Tuseme Marcus amechinja majambazi watano ambao wangekuwa wa Lowen. Hiyo ni XP 200, yaani leveli mbili. Viwango vya ukuaji vya Lowen, yaani asilimia ya nafasi ya kuongeza pointi moja kila leveli, ni uhai 90, nguvu 30, ustadi 30, kasi 30, bahati 50, ulinzi 40, kinga ya uchawi 30. Leveli mbili kwa wastani zinampa nguvu 0.6, kasi 0.6, ulinzi 0.8 na uhai karibu 2. Huo ndio mzigo wote ulioibiwa. Hapo ndipo watu wanapopiga kelele kana kwamba ng'ombe wa mahari wametoroshwa.

Na hata huo mzigo haubaki umepotea. Angalia tena ile fomula. Lowen aliyebaki nyuma leveli mbili anapata XP kama 6 au 7 zaidi kwa kila adui anayemuua baadaye, kwa sababu leveli yake ni ya chini. Fomula yenyewe inamvuta aliye nyuma na kumbana aliye mbele. Watu wanaiwaza XP kama kibubu chenye sarafu za kuhesabika, akichota mmoja mwingine analala njaa. Sivyo. Maadui wanaongezeka leveli kila sura, wengine wanaingia katikati ya pambano kutoka pembeni mwa ramani, na aliyechelewa anakula vinono kuliko aliyewahi.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera hasa, na hapa nitakaa.

Mnamlisha Lowen ili awe nini? Awe Paladini. Marcus ni nani? Paladini. Sawa, tuwaweke pamoja. Marcus anaingia na nguvu 15, ustadi 15, kasi 11, ulinzi 10, uhai 31. Lowen anaingia na nguvu 7, kasi 7, ulinzi 7, uhai 23. Mlishe Lowen mpaka leveli ya 20, leveli kumi na nane nzima, kisha umpandishe daraja. Nguvu yake kwa wastani itakuwa 13 na nukta. Rudia kusoma. Baada ya nusu ya gemu, baada ya kumbembeleza na kumwachia kila jambazi aliyechoka, Lowen ana nguvu ndogo kuliko aliyokuwa nayo Marcus siku ya kwanza. Kiwango chao cha kukua kwa nguvu ni kilekile, 30 kwa 30. Hakuna hata "lakini Lowen anakua zaidi" kwenye nguvu. Ni hadithi tu mliyosimuliana.

Haya, nimtendee haki. Ulinzi wa Lowen wakati huo unafika kama 16, uhai unapita 40, na kasi yake ni 13 na ushei. Huyo ni ukuta mzuri na sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na dhana kwamba takwimu za leveli ya 20 ndizo takwimu, na kwamba sura kumi za kufika huko hazihesabiki. Zinahesabika! Ndimo mnamofia. Gemu haikupi tuzo kwa namna Lowen atakavyokuwa. Inakuuliza sasa hivi, zamu hii, jambazi mwenye shoka anayemkaribia Rebecca mwenye uhai 17 na ulinzi 3 atashughulikiwa na nani. Rebecca ni mpiga upinde, akifikiwa karibu hawezi hata kujibu pigo. Mapigo mawili, ameondoka, na XP yote aliyokwisha kula imeondoka naye. Mkitaka kuzungumzia wizi, zungumzieni huo.

Marcus anakuja na mkuki wa fedha. Nguvu 15 na makali 14 ni 29. Hakuna jambazi wa sura zile anayelihimili hilo, hata ukikata pointi moja kwa kuwa mkuki unashindwa na shoka. Mwili wake (kipimo cha ukubwa wa mtu) ni 11 na uzito wa mkuki ni 10, kwa hiyo haumpunguzii kasi hata chembe. Najua mtaniambia una matumizi 20 tu. Ndiyo, na silaha ni za kutumika. Nimeona watu wanafika sura ya mwisho na mkuki wa fedha wenye matumizi 20 kamili, kama vyombo vya kabatini vinavyosubiri wageni.

Halafu kuna kazi ambayo haina uhusiano wowote na kuua, na ndiyo inayonifanya nimpange kila sura: kubeba. Mwanamume aliye juu ya farasi uwezo wake wa kubeba ni 25 ukitoa mwili wake. Marcus anabeba mpaka 14. Kati ya wenzake, Hector ana mwili 13, Dorcas 14, Oswin 14 na ule ukuta wake wa chuma. Wote wanapanda. Anatembea miraba 8 wakati waendao kwa miguu wengi wanatembea 5, na akishambeba mtu anaendelea na hatua zilizobaki. Kasi na ustadi wake hukatwa nusu akiwa amebeba, kwa hiyo usimwache mbele ya mishale. Lakini Hector akisogezwa miraba mitatu zaidi ya miguu yake kila zamu, ramani inaisha mapema na maadui wa nyongeza hawakukuti umetawanyika. Aliyemwacha kona anapoteza pia hiyo, na hakuna hata tone la XP alilookoa kwa kupoteza hiyo.

Sura ya 14, wapanda farasi wa Laus wakianza kukujia kwa wingi, ndipo huwa napata ujumbe mwingi. "Kaka, gemu hii ngumu." Kwa Hector Hard, ule ugumu wa juu wa hadithi ya Hector, ndiyo kabisa. Nauliza, Marcus yuko wapi? Kimya.

Imani hii imetoka wapi? Chanzo cha kwanza ni Jagen wa gemu ya kwanza kabisa, ile ya mwaka 1990 kwenye Famicom. Naye ni Paladini anayekuja mapema, mwenye nguvu mwanzoni na anayekua kwa shida. Ndiye aliyewapa jina wazee wote wa aina hii. Mpaka leo wachezaji wakisema "Jagen" wanamaanisha cheo, si mtu. Kwa Jagen mwenyewe onyo lilikuwa na maana. Tatizo ni watu kubeba onyo la Jagen na kumbandika kila mwenye nywele za kijivu juu ya farasi.

Chanzo cha pili ni Marcus mwenyewe, lakini wa gemu nyingine. The Binding Blade ilitoka Japani mwaka 2002, na hadithi yake inatokea miaka 20 baada ya The Blazing Blade, iliyotoka 2003. Yaani gemu ya pili ndiyo ya zamani kihadithi. Marcus wa kumtumikia Roy, shujaa wa The Binding Blade, ni yuleyule aliyemtumikia baba yake Eliwood, ila amezeeka, na waliotengeneza hawakumwonea haya: nguvu yake ya kuanzia ni 9. Tisa! Ukuaji wake nao umedumaa, 25 kwa nguvu na 25 kwa kasi. Huyo kweli anapitwa mapema, ingawa kwa ugumu wa juu bado sura za mwanzo hazipiti bila yeye. Mtu akisoma ushauri wa Marcus wa Roy na kuupeleka kwa Marcus wa Eliwood, anamhukumu mtu mzima kwa maradhi atakayoyapata miaka 20 baadaye.

Sasa niseme pale ambapo wenye imani hii wana hoja, kwa sababu wanayo. The Blazing Blade inakupa alama mwishoni, na mojawapo ya vipengele vitano ni jumla ya XP iliyopatikana. Ukifukuzia S, alama ya juu kabisa, kwenye kila kipengele, basi kila adui anayekufa mikononi mwa Marcus anakuumiza kweli, maana XP ambayo angeipata mdogo haitokei popote. Hapo mvue mkuki wa fedha, mpe upanga wa chuma, mwache apokee mapigo wadogo wamalizie. Sawa kabisa. Lakini kipengele kingine cha alama hizohizo ni idadi ya zamu, na hicho ndicho Marcus anakiokoa kuliko yeyote. Na niambieni ukweli: wangapi kati yenu mnafukuzia S? Mnacheza kwenye simu mkiwa daladalani, mnahifadhi hali ya gemu kila baada ya pigo.

Kuna mambo ambayo mimi mwenyewe sina uhakika nayo, na orodha za ubora wa wahusika huyapitia kana kwamba yalishaamuliwa.

La kwanza ni wakati wa kumpumzisha. Kasi 11 yenye ukuaji wa 25 haiendi mbali, hasa kwa mtu anayepanda leveli taratibu kama yeye. Kuna mahali, na nadhani ni mara baada ya safari ya Kisiwa cha Kutisha, ambapo Marcus anaacha kupiga mara mbili na anaanza kupigwa mara mbili. Wapo ninaowaheshimu wanaompeleka mpaka mwisho. Mimi huwa namgeuza mbebaji mtupu, kisha namwacha nje nafasi zikibana. Siwezi kukuthibitishia kwamba mimi ndiye sahihi. Inategemea Sain na Kent, wapanda farasi wako wengine, wametokaje.

La pili ni hizi wastani zenyewe. Lowen wa wastani hayupo kwenye simu ya mtu yeyote. Kupanda leveli ni bahati ya mara moja kwa kila takwimu, tofauti na asilimia ya kulenga ambayo gemu hii inachukua namba mbili na kuzigawa kati, ndiyo maana 75 ya kwenye skrini ni kama 87 kwa kweli. Kwenye leveli hakuna huruma hiyo. Utakutana na Lowen mwenye nguvu 17 na utaniletea picha kunisuta. Lete tu. Ila wakati unaamua nani apigane sura ya 11, hujui utapata Lowen yupi, na Marcus unamjua tayari.

La tatu linanisumbua zaidi. Sisi tunaochambua tunapima mhusika kwa zamu alizookoa. Ni kipimo kizuri kwa sababu kinahesabika, na sijui kama kinafaa kwa mtu anayecheza kupumzika jioni. Ukitaka kumlea Nino, anayekuja mwishoni akiwa leveli ya 5 wakati kila mtu ni jitu, mlee, furahi. Hiyo ni raha halali. Ninachokataa ni kuiita hesabu.

Na kabla hamjaanza kuniuliza kuhusu Seth, Paladini wa mwanzoni wa The Sacred Stones, gemu iliyofuata, kwa kuwa najua mtaniuliza, maana kuna watu wanamvua na yeye: ukuaji wa Seth kwa nguvu ni 50, kwa ulinzi 40, kwa kasi 45. Franz, kijana mnayemtunzia, ana 40, 25 na 50. Mkubwa anakua kuliko mtoto katika mengi, na anaanza mbali mbele yake. Mpeni Seth mkuki, jamani.