Ski pana kwa theluji ya unga: anza kuhesabu kwenye mpando

Januari iliyopita kijana mmoja wa Goma aliingia dukani ninapofanya kazi hapa Salt Lake City, akapita ski zote, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, mpaka ukutani kwenye zile za theluji nyingi, akashusha jozi yenye kiuno cha milimita 122.

"Kaka, nipe hizi. Kule juu theluji inanifika kiunoni."

Nikamuuliza anapanda mlima kwa lifti, yaani viti vinavyovutwa na waya, au kwa miguu yake. Akasema kwa miguu. Nikazichukua taratibu mikononi mwake nikazirudisha ukutani.

Ukisikia mtu wa ski anataja upana kwa namba moja, ujue anasema kiuno, yaani pale chini ya buti. Pua na mkia huwa vipana zaidi. Ski za mbio za slalomu zina kiuno cha milimita 65 hivi, za matumizi ya kila siku kwenye vituo vya lifti huchezea 80 hadi 95, na zikivuka 105 ndipo tunaziita za unga. Na unga ni unga kweli. Theluji ya Wasatch, milima iliyo jirani na jiji letu, hasa bonde la Little Cottonwood, ni kavu mno: yeyusha sentimita 100 za theluji mpya, utapata maji ya sentimita 8 hivi. Zinazobaki zote zilikuwa hewa. Alta, kituo cha ski kilicho juu kwenye bonde hilo, hupata kwa wastani zaidi ya mita 12 za theluji kila msimu. Ukishuka kwenye ski ukakanyaga kwa buti, unazama mpaka pajani.

Kwa hiyo yule kijana hakukosea kutaka upana. Ski pana huibuka juu ya unga ukiwa bado unakwenda polepole, ilhali nyembamba inadai kasi kwanza. Ila kiuno ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni roka, yaani pua kuanza kuinuka mapema, mbali kabla ya ncha, kama omo ya ngalawa inayokwea wimbi badala ya kulichimba. Ski ya 104 yenye omo ndefu huelea vizuri kuliko ya 112 iliyonyooka kama ubao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtelezaji mashuhuri Shane McConkey na kampuni ya ski ya Volant walilifikisha jambo hili mwisho kabisa kwa ski iliyoitwa Spatula, iliyopinda kwenda juu mbele na nyuma. Kwenye unga ilikuwa ajabu, kwenye theluji ngumu ilikuwa mateso. Sisi tunaopanda kwa miguu tuna sababu nyingine ya kutokwenda mbali hivyo: ski lazima ikae chini kwa urefu wa kutosha ili ngozi zishike.

Ngozi, kwa asiyezijua, ni mikanda inayobandikwa chini ya ski kwa gundi, yenye manyoya ya mohea au nailoni yaliyolalia nyuma. Mguu ukiusukuma mbele ski inateleza, ukiuegemea manyoya yanasimama na ski hairudi. Zamani zilikuwa ngozi za sili kwelikweli, na jina likabaki. Kwa mikanda hiyo ndiyo tunapanda kwa muda wa saa tatu ili tushuke dakika kumi na tano. Sasa piga hesabu. Kupanda mita 1,000 kwa njia ya kilomita 6, kwa hatua za sentimita 75, ni hatua 8,000, kila mguu 4,000. Ski ya aina moja ikizidi ya aina nyingine kwa gramu 500, kila mguu umesukuma tani mbili za ziada kabla ya chakula cha mchana. Ni kweli ski huburutwa, haibebwi, lakini subiri zamu yako ya kufungua njia, pale kila hatua unaing'oa ski chini ya theluji. Hapo upana wenyewe unageuka sepetu: theluji inakaa juu yake na wewe unaitembeza. Ndiyo maana napenda ski za kupandia zenye uso mweupe. Nyeusi hupata joto la jua, theluji inayeyuka kidogo, kisha inaganda palepale.

Jambo jingine halionekani dukani. Unapokatiza mteremko mgumu, makali ya ski pana yako mbali na katikati ya wayo, na kifundo cha mguu ndicho kinacholipa deni hilo.

Basi si tuchukue pana na nyepesi kupita zote? Nilifanya hivyo, miaka kadhaa nyuma. Kiuno 110, uzito chini ya gramu 1,200, nyuzi za kaboni na mbao nyepesi ya paulonia ndani. Kupanda, raha tupu. Asubuhi kwenye unga, raha vilevile. Saa nane mchana jua likawa limeoka ganda juu ya theluji, na zile ski zikawa zinarushwa huku na huku kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Magoti yaliniuma wiki mbili. Uzito kidogo ndio unaoituliza ski, na kaboni peke yake hupitisha kila mtikisiko mpaka kwenye meno.

Ninachowaambia wateja wa hapa: kiuno 104 hadi 110, uzito wa gramu 1,400 hadi 1,650 kwa ski ya sentimita 178 hivi. Mtu mzito asogee juu ya masafa hayo, mwepesi ashuke. Vifungio, vile vinavyoshika buti kwenye ski, viwe vya pini, wazo la Fritz Barthel wa Austria lililoingizwa sokoni na kampuni ya Dynafit. Gramu 300 hadi 450 kwa kila kifungio zinatosha. Breki zilingane na kiuno, na meno ya chuma ya kufunga chini ya ski ili zishike theluji ngumu pia, maana ya 100 hayaingii kwenye 108. Buti la kilo moja haliwezi kuitawala ski ya 115, hata ulikaze vipi. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua buti.

Kuna faida moja ya upana ninayoithamini kuliko zote. Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Ski nyembamba kwenye unga mzito husimama ukiwa kwenye nyuzi 25, kwa hiyo mtu anashawishika kutafuta panapoinama zaidi. Ski pana nyepesi inateleza hapohapo kwenye 25, na inafurahisha. Siku ambayo Utah Avalanche Center, wanaotabiri maporomoko hapa, wametangaza hatari kubwa, hilo si jambo dogo, mradi juu yako pasiwe na mteremko mkali unaoweza kukuangukia. Kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa, koleo na fimbo ya kuchunguzia viko begini hata siku hiyo.

Kijana wa Goma aliondoka na 106 iliyokwishatumika msimu mmoja. Alirudi baada ya wiki tatu, na habari ya upana hakuigusa. Alikuwa amezianika ngozi juu ya hita, gundi ikayeyuka ikabaki chini ya ski kama ubani uliotafunwa. Nikaikwangua, nikapaka mpya, nikampa kamba ya kuzianikia chumbani.