Kumisi sio plagi

Hapa Dodoma ukisema tu pikapu yako inamisi, hujamaliza hata sentensi mtu keshakwambia "plagi hizo, badilisha", na siku hizi imefikia hatua tatizo lenyewe linaitwa plagi, unasikia mtu mzima anasema "gari yangu ina plagi". Imezidi sasa.

Kumisi maana yake silinda, yaani chumba cha kuchomea mafuta ndani ya injini, inapitisha zamu yake bila kuchoma mafuta, au inachoma nusunusu. Injini ya silinda nne ikipoteza moja ndo ile kutetemeka ukiwa umesimama, na ukipakia mahindi Kibaigwa haivuti. Basi, hakuna kingine.

Sasa ili silinda ichome inataka hewa na mafuta kwa kipimo, kompresheni yaani hewa ibanwe vizuri, na kama ni petroli inataka cheche kwa wakati wake. Plagi ipo hapo kwenye cheche tu, na hata hapo haiko peke yake, kuna koili inayozalisha umeme wa cheche, na kwenye gari za zamani kuna distributa inayogawa huo umeme na waya za plagi, waya ikichanika cheche inarukia kwenye bodi ya injini na plagi yako mpya inabaki pambo. Hapo bado hujagusa nozeli za kupuliza mafuta zilizoziba, pampu ya mafuta iliyochoka, valvu iliyoungua.

Kinachonimaliza kabisa ni mwenye Hilux ya dizeli, injini ya 3L au 5L, naye anaambiwa plagi. Wakuu, dizeli haina plagi ya cheche! Mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Kilichomo mle ni hita plagi, kazi yake kupasha joto wakati wa kuwasha, zikifa utahangaika asubuhi za Juni na Julai na baridi yetu hii, pengine itamisi dakika za mwanzo ikitoa moshi mweupe, lakini injini ikishapata moto na bado inamisi barabarani, angalia nozeli, hewa kwenye mfumo wa mafuta, kompresheni. Yaani dizeli inamisi vizuri tu na plagi ya cheche haina, hapo ubishi ulitakiwa uishe.

Hata plagi ikikutwa mbovu, iangalie kabla hujaitupa. Rangi ya udongo ni nzima. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yanazidi, na kwenye kabureta klina ya hewa iliyojaa vumbi la kiangazi inatosha kabisa kuleta hiyo. Nyeusi yenye oili, ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka. Nyeupe iliyobabuka, injini inachemka au inakosa mafuta. Ukiweka mpya bila kugusa chanzo zitakuwa hivyo hivyo tena. Na zile Nissan za zamani za injini ya Z24 nyingi zina plagi nane kwenye silinda nne, fundi mwenye haraka anabadili nne za upande mmoja anaondoka.

Kwahiyo ukifika gereji sema inamisi, useme na inamisi lini, ikiwa ya baridi au ya moto, ukikanyaga au ukiwa umesimama. Kama ni petroli yenye koili juu ya kila plagi, mwombe fundi ahamishe koili ya silinda inayomisi aiweke kwenye nyingine, kumisi kukihama nayo ni koili, kukibaki ahamishe plagi, na kukibaki tena hela yako ya plagi usiitoe kwanza, apime kompresheni na nozeli.