Mbuni: mti ulio nyuma ya kikombe cha kahawa

Ukimuuliza mtu anayekunywa kahawa chungu kwa kashata jioni kule Kariakoo kwamba kinywaji kile kinatokana na mti gani, mara nyingi atajibu kuwa ni "mti wa kahawa". Jibu hilo linaeleweka, lakini Kiswahili kina jina mahsusi la mti huo, nalo ni mbuni, wingi wake mibuni. Tunda lake pamoja na mbegu zake huitwa buni, neno lenye asili ya Kiarabu kama lilivyo neno kahawa, ambalo kwa asili ni jina la kinywaji chenyewe. Mkahawa, ingawa umbo lake linafanana na majina ya miti, ni mahali pa kula na kunywa. Wala mti huu usichanganywe na mbuni ambaye ni ndege, kwa kuwa upatanisho wa sentensi huwatenganisha mara moja: mbuni umechanua, mbuni amekimbia.

Mbuni ni mti mdogo wenye umbo la kichaka na majani ya kijani yanayong'aa mwaka mzima, ambao usipopogolewa hurefuka kupita kimo cha mtu. Mvua inaponyesha baada ya kiangazi, matumba ya maua yaliyokuwa yamelala huamka, na baada ya siku chache matawi hufunikwa na maua meupe yenye harufu inayokaribia ile ya asumini. Uzuri huo, ambao kwa maoni yangu unastahili kusifiwa zaidi ya unavyosifiwa, hudumu siku mbili au tatu tu. Matunda hukaa kijani kwa miezi mingi kabla ya kuwa mekundu, na ndani ya kila tunda kwa kawaida mna mbegu mbili zilizogusana ubavu kwa ubavu. Ndiyo sababu punje ya buni ni bapa upande mmoja.

Aina ya arabika hupenda baridi ya nyanda za juu, kama Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi, hivyo wakazi wengi wa Dar es Salaam huifahamu ikiwa tayari imekaangwa na kusagwa. Aina nyingine, robusta, hulimwa Kagera, ambako Wahaya wana desturi ya kuchemsha buni pamoja na majani yenye harufu nzuri, kuzikausha, kisha kumkaribisha mgeni kwa kumpa punje chache atafune. Hapo hakuna kahawa inayonywewa; kuna buni tu.