Kumwajiri kijana wa miaka 14 Marekani: sheria ya jimbo haisomwi peke yake

Mwenye mgahawa Iowa akiisoma sheria ya jimbo lake tu, ataona kijana wa miaka 14 au 15 anaruhusiwa kufanya kazi hadi saa tatu usiku siku za shule, masaa 6 kwa siku na 28 kwa wiki. Ndivyo jimbo lilivyoamua mwaka 2023. Lakini sheria ya kazi ya taifa, FLSA (Fair Labor Standards Act) ya mwaka 1938, iko palepale: muhula wa shule unapoendelea, mwisho ni saa moja jioni, masaa 3 siku ya shule (Ijumaa imo), 18 kwa wiki. Zikipishana, inashika ile inayomlinda mtoto zaidi. Texas nako jimbo linataja masaa 48 kwa wiki, na wengi hunaswa hapo hapo.

California mambo yamegeuka. Taifa halimwekei kijana wa miaka 16 au 17 kikomo cha masaa, jimbo linamwekea: masaa 4 siku ya shule, na kwa kawaida mwisho saa nne usiku ikiwa kesho yake kuna shule. Pia anahitaji kibali cha kazi kinachopitia shuleni. Kwa hiyo linganisha kipengele kwa kipengele: umri, masaa, saa ya kutoka, kibali, aina ya kazi. Usichague sheria moja ukaifuata yote.

Usijifariji kwamba biashara yako ni ndogo. Kiwango cha mauzo ya dola 500,000 kwa mwaka, ambacho kikifikiwa biashara nzima inaingia chini ya sheria ya taifa, kipo, ila mfanyakazi anayepokea malipo ya kadi za benki anaweza kulindwa na sheria ya taifa hata kama biashara haijafika hapo.

Makosa mengi ya masaa hutokea mwisho wa zamu. Kijana ameingia saa kumi kasorobo alasiri, atoke saa moja kasorobo. Mteja wa mwisho anachelewa, sakafu haijapigwa deki, anatoka saa moja na dakika kumi na mbili. Hapo umevunja kanuni mbili: masaa 3 yamepita, na saa moja imepita. Mtoe mapema, deki apige mtu mzima. Kuanzia Juni 1 hadi Labor Day (Jumatatu ya kwanza ya Septemba), sheria ya taifa inamruhusu hadi saa tatu usiku, masaa 8 kwa siku isiyo ya shule na 40 kwa wiki isiyo na shule.

Jikoni ndiko ninakohofia zaidi, maana huko watoto hukatika vidole. Mashine ya kukatia nyama vipande ni marufuku kwa yeyote chini ya miaka 18, na marufuku hiyo inafuata mpaka kwenye sinki: hata kuosha kisu chake kikiwa kimeshafunguliwa hairuhusiwi. Folklifti, gari la kunyanyulia mizigo, vilevile. Wa miaka 14 na 15 hawaoki mikate wala keki, hawapandi ngazi, hawapakii wala kupakua lori. Kuchovya chipsi kwenye mafuta wanaweza pale tu kikaango kinapojishusha na kujiinua kikapu chenyewe. Mafuta ya kumwaga yawe yamepoa hadi nyuzi 100 za Fahrenheit, sawa na 38 za Selsiasi.

Sisi tuna jambo letu. Sheria ya taifa humruhusu mzazi kumtumia mwanawe masaa yoyote katika biashara inayomilikiwa na wazazi peke yao, mradi si kiwandani, mgodini wala kazi za hatari. Kwetu baba mdogo ni baba. Kwa sheria hii si mzazi, isipokuwa ndiye anayemlea mtoto huyo kwa nafasi ya mzazi. Ukiwa na ubia na ndugu yako, msamaha huo umeondoka hata kwa mwanao wa kumzaa.

Kabla ya zamu ya kwanza, pata uthibitisho wa umri na uandike tarehe ya kuzaliwa kwenye kumbukumbu za kila mfanyakazi aliye chini ya miaka 19. Arkansas ilifuta kibali kwa walio chini ya miaka 16 mwaka 2023, lakini kibali kufutwa hakukuondolei wajibu wa kujua umri wa mtoto uliyemwajiri.