Si kila kitu Carcassonne ni cha Enzi za Kati

Wengi wanaotembelea Carcassonne, kusini mwa Ufaransa, huamini ngome yote imebaki kama ilivyojengwa Enzi za Kati. Sivyo. Tembea polepole kati ya kuta zake mbili, upande wa kaskazini, uutazame ukuta wa ndani: mawe madogo yenye mistari ya matofali mekundu ni kazi ya zama za Warumi. Ukuta wa nje ni wa karne ya 13. Yale mapaa yaliyochongoka, yanayopendwa mno na wapiga picha, ni ya ukarabati ulioanza mwaka 1853 chini ya msanifu Eugène Viollet-le-Duc. Alikosolewa kwa kuezeka minara kwa sleti (mawe bapa ya kuezekea) ya kaskazini badala ya vigae vya kusini. Hata hivyo, kuiita ngome bandia ni kuidhulumu. Bila ukarabati huo, huenda kuta hizo zingezidi kuharibika.