Aljebra darasani: dhana potofu na ukweli

Dhana: "Ikivuka upande wa pili, inabadili alama."

Sentensi hii inapendwa kwa sababu inaleta majibu upesi. Kwa 3x + 5 = 17 haina shida: 5 inavuka, inakuwa −5, inabaki 3x = 12. Mtego uko hatua inayofuata. Asiyejua kingine anaivusha 3 vilevile na kuandika x = 12 − 3 = 9. Mwenzake anagawanya kwa −3, anapata −4. Wote wawili wametii walichofundishwa.

Ukweli ni kwamba hakuna namba iliyovuka. Tumetoa 5 pande zote mbili: kushoto ikajifuta, kulia ikabaki −5. Kisha tumegawanya pande zote kwa 3. Majuma ya mwanzo, kila mstari wa kazi uandikwe kitendo chake pembeni ("−5", "÷3"), na jibu lirudishwe kwenye mlinganyo: 3 × 4 + 5 = 17. Aliyepata 9 ataona 32 na kujisahihisha kabla kalamu nyekundu haijamfikia.

Dhana: Alama ya = maana yake "jibu ni".

Hapa ndipo kosa la juu linapoota. Waandikie ubaoni 8 + 4 = □ + 5. Wapo watakaojaza 12, wapo watakaojumlisha kila kitu wapate 17. Jibu ni 7, maana pande mbili lazima ziwe na thamani moja. Ukikuta kwenye daftari "5 + 3 = 8 × 2 = 16", usiweke vema eti kwa kuwa 16 ndiyo iliyotakiwa; 5 + 3 si 16. Mistari miwili tofauti inatosha kuliponya.

Dhana: Herufi ni kifupi cha kitu.

Walimu tunachangia hili tunaposema "3k ni kalamu tatu". Toa sentensi "wanafunzi ni mara 6 ya walimu", w ikiwa idadi ya wanafunzi na m idadi ya walimu. Wengi huandika 6w = m, kwa kufuata mpangilio wa maneno. Usibishane nao; waambie waweke m = 10. Wanafunzi ni 60, na 6 × 60 ni 360, si 10. Sahihi ni w = 6m. Sema daima "k ni bei ya kalamu moja" au "k ni idadi ya kalamu", kamwe si "k ni kalamu".

Dhana: Anayeandika (a + b)² = a² + b² ni mzembe.

Hapana, anapanua kanuni ya kweli, kwani (ab)² ni a²b². Kumkaririsha 2ab, kipande anachokiacha, hakudumu. Achore mraba wenye upande wa 7, augawe kila upande 3 na 4. Vinatokea vipande vinne: 9, 12, 12 na 16, jumla 49. Aliyejumlisha 9 na 16 akapata 25 anaviona kwa macho vile viwili vya 12 alivyoviacha.

Dhana: Maswali 20 ya aina moja ndiyo mazoezi.

Kuanzia la nne hivi, mwanafunzi hachagui njia tena, ananakili mwendo. Yafanye manane ya mada ya leo na manne ya mada zilizopita, yakiwa yamechanganywa, bila kichwa kinachotaja njia.